Nyani wa Kigwena wanakula shambani: nani alipie mlo huo?

RUMONGE – Anayelima pembezoni mwa msitu wa Kigwena hulazimika kuamka kabla ya nyani. Akichelewa, hukuta mihogo imeng'olewa, ndizi zimeshushwa na chikichi zimetapakaa chini. Mazao yakikaribia kukomaa, lazima mtu ashinde shambani tangu alfajiri hadi jua lizame. Mara nyingi mtu huyo ni mtoto, ambaye saa hizo angekuwa darasani.

Msitu huo uko kwenye tambarare ya ufuo wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa mji wa Rumonge. Ni hifadhi ndogo, hekta mia chache tu. Ndani yake wanaishi nyani, kima na tumbili. Nje yake kuna michikichi, mihogo, nyumba za watu na barabara ya taifa namba 3 inayotoka Bujumbura kwenda Nyanza-Lac. Nyani hajui mahali hifadhi inapoishia. Yeye hufuata chakula, na chakula kilicho karibu ni shamba la jirani.

Ni rahisi kwa mgeni kuwalaumu wakulima kwamba wameubana msitu. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Burundi ina watu zaidi ya milioni 12 katika eneo la kilomita za mraba 27,834, na ufuo wa Rumonge umepitia mengi. Mwaka 1972 wengi walikimbilia Tanzania. Waliporudi miaka ya 2000, baadhi yao walikuta mashamba yao yanalimwa na wengine, na kesi za ardhi zikawa nyingi. Kumwomba mtu wa hapa awaachie nyani nafasi ni kumwomba jambo zito. Akiombwa, aelezwe sababu na asaidiwe gharama.

Sababu ya kwanza iko kwenye mchikichi wenyewe, zao linaloifanya Rumonge ijulikane kwa mawese. Maua dume na maua jike ya mchikichi huchanua kwa nyakati tofauti, na chavua husafirishwa zaidi na mdudu mdogo wa jamii ya fukusi anayezaliana katika maua dume. Malaysia ilikosa mdudu huyo kwa miaka mingi, na vibarua walilazimika kuchavusha kwa mikono mpaka alipopelekwa kutoka Cameroon mwaka 1981. Mkulima anayepulizia dawa kiholela ili kuua kila kitambaacho anaweza kumuua mfanyakazi wake asiyedai mshahara.

Sababu ya pili iko msituni. Kima na ndege hula matunda ya miti ya asili, kisha huangusha mbegu mbali na mti mama. Wakiondoka, miti mikubwa itaendelea kusimama kwa muda, lakini mingi itakosa wa kuisambazia mbegu.

Habari njema ni kwamba majirani zetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki wamekwisha kupita njia hii. Ukifuata ufuo huohuo kuelekea kusini na kuvuka mpaka, unafika Gombe, mkoani Kigoma, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960. Gombe ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Miaka ya 1990 ilipoanza, Goodall aliitazama kutoka kwenye ndege na kuona kipande kidogo cha msitu kilichozungukwa na vilima vitupu. Mwaka 1994 ukaanzishwa mradi wa TACARE, ulioanza na mahitaji ya wanavijiji wenyewe: kilimo, maji, afya na elimu. Baadaye vijiji vilipanga matumizi ya ardhi yao na kutenga misitu ya kijiji. Sehemu nyingine hazikuhitaji hata kupandwa miche, kwani visiki vilivyoachwa bila kukatwa vilichipua vyenyewe.

Kenya nayo ina funzo kutoka Diani, katika pwani ya kusini, ambako hoteli na barabara vilikata msitu wa mbega. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wahifadhi wa huko wamekuwa wakitundika ngazi za kamba juu ya barabara, na mbega na kima huvuka bila kugusa lami. Kwa Kigwena, ambako magari hupita kasi, ngazi za namna hiyo pamoja na matuta yanayopunguza mwendo ni jambo la kufikiriwa.

Kuhusu gharama, tuitazame Rwanda. Mwaka 2005 nchi hiyo ilianza kutenga asilimia 5 ya mapato ya utalii wa hifadhi kwa ajili ya jamii zinazopakana nazo, na mwaka 2017 ikapandisha hadi asilimia 10. Pia ina mfuko unaofidia watu walioharibiwa mali na wanyamapori. Kigwena haina sokwe wakubwa wa milimani wa kuvuta watalii, kwa hiyo fedha zake haziwezi kutoka getini peke yake. Lakini kanuni ni ileile: anayemlisha mnyama wa umma asibaki peke yake na hasara.

Yapo pia yanayoweza kuanza bila kusubiri bajeti. Mahindi na mihogo vilimwe mbali na ukingo wa msitu, na ukingoni ipandwe pilipili au mazao mengine ambayo nyani hawayapendi. Taka za jikoni zifukiwe. Wasafiri waache kuwarushia nyani ndizi, maana nyani aliyezoea mkono wa mtu kesho ataingia jikoni. Zamu ya kulinda ipangwe kwa kaya zote zinazopakana na msitu, na ishikwe na watu wazima.

Wakazi wa mijini wasidhani habari hii ni ya vijijini tu. Bujumbura, viboko hutoka ziwani usiku kutafuta majani na hukutana na kuta za nyumba. Sheria ya maji ya mwaka 2012 inataka mita 150 kutoka Ziwa Tanganyika ziachwe wazi. Maji ya ziwa yalipopanda miaka ya karibuni, waliojenga ndani ya ukanda huo walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuhama. Nafasi iliyodhaniwa ni ya kiboko ilikuwa pia nafasi ya ziwa.

Huko Kigwena, hifadhi iko chini ya OBPE, ofisi ya serikali inayolinda mazingira, na mashamba yako chini ya wenyewe. Katikati ya hao wawili kuna ukingo ambao leo unalindwa na mtoto mwenye kombeo. Kikao cha kwanza cha ofisi hiyo, tarafa na wakulima kingeweza kuwa na ajenda moja tu: nani ashike zamu hiyo na alipwe nini, ili mtoto huyo arudi shule.