Kuisaidia Nchi Iliyo Vitani: Kanisa Lafundisha Nini?

Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, mataifa mengi yameisaidia nchi hiyo kwa silaha, kwa huduma za kuwategemeza raia, na kwa fedha za kujenga upya. Wengi huuliza: je, msaada wa silaha wapatana na Injili?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2309) yaruhusu kujilinda kwa silaha, lakini kwa masharti. Madhara ya mvamizi yawe makubwa, ya kudumu na ya hakika. Njia nyingine zote za kumkomesha ziwe zimeshindikana. Pawepo tumaini la kweli la kufanikiwa. Na silaha zisilete maovu makubwa kuliko yale yanayoondolewa. Hivyo, atoaye silaha hawezi kunawa mikono kuhusu matumizi yake.

Tena, ulinzi pekee hautoshi. Mitambo ya umeme ipigwapo wakati wa baridi kali, jenereta huokoa uhai wa mgonjwa hospitalini. Caritas huwahudumia waliokimbia makwao. Mwaka 2023 Papa Fransisko alimtuma Kardinali Matteo Zuppi Kyiv na Moscow, na suala la kuwarudisha watoto wa Ukraine kwa familia zao likapewa uzito.

Mnamo Februari 2025, Benki ya Dunia na wadau wake walikadiria kuwa ujenzi mpya utahitaji dola bilioni 524 kwa miaka 10. Julai mwaka huo, mataifa yalikutana Roma kuupanga, vita vikiwa bado vinaendelea.

Basi, tuombeapo amani, tusiombe tu bunduki zinyamaze. Tuombe pia mtoto arudi kwao, na nyumba yake isimame tena.