Kubeti Michezo Tusiyoijua: Hesabu Yake Ikoje?

Ukipita Katesh siku ya mnada, au Haydom, au Dongobesh wakati wa jioni, utawakuta vijana wameinamia simu. Baadhi yao wanabeti. Na wala hawabeti Simba na Yanga tu. Simba na Yanga hawachezi kila siku, lakini simu haitaki kupumzika. Saa 8 za usiku inawaletea mpira wa meza kutoka Urusi, mpira wa magongo wa kwenye barafu, vishale, kriketi, na mbwa wa kukimbia. Kijana wa Mbulu ambaye barafu ameiona kwenye friji ya duka tu, anaweka shilingi 2,000 za vitunguu swaumu kwa timu ambayo hata jina lake hawezi kulitamka.

Kwa mtu mzima jambo hili si kosa. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inaliruhusu, na kuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inayotoa leseni kwa makampuni. Mtoto wa chini ya miaka 18 haruhusiwi. Hatukusudii kumgombeza mtu hapa. Tunataka kueleza jinsi mchezo wenyewe unavyofanya kazi, maana wengi wanaucheza bila kuambiwa.

Kwanza, michezo hii ya kigeni imetoka wapi? Mingine ilikuwapo zamani, lakini ilipata nguvu mwaka 2020. Korona ilipoingia, ligi kubwa za mpira zilisimama. Ligi ya Belarus iliendelea kuchezwa, na huko Urusi na Ukraine watu walicheza mpira wa meza usiku na mchana ukumbini bila watazamaji. Makampuni ya kubeti yalikuwa hayana kitu kingine cha kuuza, basi yakauza hicho. Korona ikapungua, mpira ukarudi, lakini michezo ile haikuondoka.

Sasa tuchukue kalamu na karatasi. Tuseme watu wawili wanacheza mpira wa meza, na nguvu zao ni sawa. Kila mmoja ana nafasi ya nusu kwa nusu. Kampuni inaandika 1.80 kwa huyu na 1.80 kwa yule. Maana yake, ukiweka shilingi 1,000 na mtu wako akashinda, unapewa shilingi 1,800, pamoja na ile 1,000 yako.

Tuseme Safari anaweka 1,000 kwa mchezaji wa kwanza, na jirani yake anaweka 1,000 kwa wa pili. Kampuni imepokea 2,000. Ashinde yeyote, inalipa 1,800. Shilingi 200 zinabaki. Kampuni haina haja ya kujua nani atashinda. Imekwisha kukata 10 katika kila 100 kabla mpira haujagongwa.

Lakini ni wachache wanaobeti mchezo mmoja. Watu wanapenda mkeka, yaani michezo mingi kwenye karatasi moja, kwa sababu mkeka unaahidi fedha nyingi. Tuchukue mkeka wa michezo 5, kila mmoja 1.80. Zidisha 1.80 kwa 1.80 mpaka zitimie mara 5. Utapata karibu 18.9. Kwa hiyo shilingi 1,000 inaahidi karibu 18,900. Hapo kijana anatabasamu.

Subiri kidogo. Michezo 5 ya watu walio sawa inaweza kutoka kwa njia 32. Wakija watu 32, kila mtu na mkeka wake tofauti, mmoja atapata na 31 mikeka yao itachanika. Kampuni imepokea 32,000. Imelipa 18,900. Imebaki na 13,100. Ile 10 katika 100 imekuwa karibu 41 katika 100. Mkeka unavyozidi kuwa mrefu ndivyo kampuni inavyozidi kukata, na huyo mmoja aliyeshinda, kodi ya Serikali nayo itakatwa katika ushindi wake. Hiyo 41 haikuandikwa popote kwenye simu. Wewe ndiye wa kuihesabu.

Ukiuza mbuzi mnadani, dalali akasema atachukua shilingi 41 katika kila 100, utamwachia mbuzi? Hata jamaa wa karata tatu wa stendi angeona haya.

Jambo la pili ni hili: mchezo mdogo ni rahisi kununuliwa. Mchezaji mkubwa analipwa mamilioni na anatazamwa na dunia nzima. Mchezaji mdogo hata nauli hana, na mtazamaji ni kamera moja. Mwaka 2023 mahakama ya Ubelgiji ilimhukumu mtu mmoja kifungo cha miaka 5. Alikuwa akiwahonga wachezaji wa tenisi, wengi wao wa ngazi za chini, ili wapoteze seti au hata gemu moja tu. Upelelezi ulitaja wachezaji zaidi ya 180 wa nchi nyingi. Waliobeti michezo ile kwa kutafakari rekodi za wachezaji walikuwa wanatafakari bure.

Na kisa cha Molipur ndicho cha kushangaza kuliko vyote. Molipur ni kijiji cha wakulima katika jimbo la Gujarat, India. Mwaka 2022 polisi wa huko walieleza kwamba watu fulani walikodi shamba, wakalifanya kiwanja cha kriketi, wakafunga taa na kamera 5. Wakawachukua vibarua wa shambani na vijana wasio na kazi, kama 21 hivi, wakawavisha jezi zenye majina ya timu kubwa za India. Kila kibarua alilipwa rupia 400 kwa mechi. Kelele za mashabiki zilitolewa kwenye intaneti, na mtu mmoja akaigiza sauti ya mtangazaji mashuhuri. Mchezo ukaonyeshwa kama ligi ya kweli, na watu wa Urusi wakabeti. Mwamuzi alikuwa na redio ya mkononi, anaambiwa nini kitokee, naye anawapa wachezaji ishara. Walipokamatwa walikuwa wamefika robo fainali!

Hebu fikiri. Mrusi aliyebeti alikuwa mbali na shamba lile kama wewe ulivyo mbali na ukumbi wa mpira wa meza wa Urusi. Naye aliona picha, akaamini.

Kuna michezo mingine haina hata vibarua. Wale mbwa na farasi wa kwenye simu, wanaotimka kila baada ya dakika chache, hawapo. Ni picha za kompyuta. Mashine inachagua namba kwa bahati nasibu, kisha inachora mbwa akifika. Kusema "mbwa namba 4 leo hajashinda, sasa ni zamu yake" ni kujidanganya, maana mashine haikumbuki mbio zilizopita. Ule mchezo wa ndege inayopaa nao ni vivyo hivyo: mahali itakapopotelea pameamuliwa na mashine tangu duru inaanza. Ubaya wake mkubwa ni haraka yake. Zamani ukinunua tiketi ya Bahati Nasibu ya Taifa, ulingoja siku ya kuchezeshwa. Ndege hii inapaa na kupotea mara nyingi katika saa moja, na kila mara inakata chake.

Halafu wapo wanaouza "mechi za uhakika" kwenye makundi ya simu. Ujanja wao ni wa hesabu. Mtu anawaandikia watu 80. Arobaini anawaambia A atashinda, na 40 anawaambia B. Mchezo ukiisha, anawaacha walioambiwa uongo. Wale 40 waliobaki anawagawa 20 kwa 20. Kisha 10 kwa 10. Mwisho wanabaki watu 10 ambao wameona "mtabiri" amepatia mara 3 mfululizo. Hao ndio anaowaambia: tuma 10,000 nikupe mechi ya nne. Laki moja imepatikana, na mtu hajui lolote kuhusu mchezo wowote.

Pengine msomaji wa Hanang atasema: "Mimi nitabeti riadha. Riadha naijua." Kweli, huku kwetu mbio ni jambo la nyumbani. John Stephen Akhwari wa Mbulu alikimbia marathoni ya Mexico mwaka 1968. Gidamis Shahanga wa Hanang alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978, akiwa kijana asiyejulikana sana nje ya nchi. Nani angeweka fedha zake kwake siku ile? Mwaka 2023 pale Boston, Eliud Kipchoge wa Kenya, mwenye rekodi ya dunia wakati huo, alishika nafasi ya 6, na Gabriel Geay wa Tanzania akawa wa 2. Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu alishinda ubingwa wa dunia baada ya kilomita 42 kwa tofauti ya sehemu 3 za mia za sekunde. Simbu mwenyewe hakuwa na hakika mpaka alipoona matokeo kwenye ubao. Kuijua riadha ni kuzuri kwa kushangilia.

Kwa anayebeti na anataka kujua amefika wapi, kuna kazi ya jioni moja. Fungua taarifa za fedha kwenye simu yako za miezi 3. Chora mstari katikati ya karatasi. Kushoto andika kila shilingi iliyokwenda kwenye kubeti, hata zile 500. Kulia andika kila iliyorudi. Kama ulikopa, iwe mkopo wa simu au wa kausha damu, andika na riba upande wa kushoto. Jumlisha pande zote mbili. Kisha mwite mwenzako wa nyumbani, umsomee kwa sauti, kwa sababu ada ya watoto na mbolea ya msimu ujao zimo katika karatasi hiyo hiyo.