Sayansi ya Siasa Si Shule ya Wabunge

Kijana aliyemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza) akisema anataka kusomea sayansi ya siasa chuo kikuu, swali la kwanza nyumbani huwa ni kama anautaka ubunge. Ubunge hauna haja ya kozi hiyo. Ibara ya 67 ya Katiba ya Tanzania haimdai mgombea shahada yoyote: inataka awe raia aliyetimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na apendekezwe na chama cha siasa. Anayetafuta jimbo halazimiki kukaa darasani miaka mitatu. Shahada hii ina kazi nyingine, nayo ndiyo ninayoitetea hapa: kumfundisha mtu kuyapima madai yanayotolewa kwa jina la wananchi kabla hajayakubali au kuyakataa.

Mfano mzuri tunao katika historia yetu wenyewe. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikusanye maoni kuhusu mfumo wa vyama. Watu zaidi ya 36,000 walitoa maoni. Karibu asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee, na karibu 20 wakataka vyama vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria zikabadilishwa. Anayeisikia habari hii juu juu hukimbilia hukumu moja kati ya mbili: ama wananchi walipuuzwa, ama viongozi waliona mbali kuliko watu wao. Mwanafunzi wa siasa hatakiwi kuishia hapo. Ataanza na waliohojiwa: walijitokeza wenyewe au walichaguliwa kwa bahati nasibu? Walizungumza mbele ya nani, katika nchi iliyokuwa na chama kimoja kisheria tangu 1965, ambako hata mjumbe wa nyumba kumi alikuwa mtu wa chama? Kisha atayasoma majibu yenyewe na kukuta kwamba wengi wa waliotaka chama kimoja walitaka pia kifanyiwe marekebisho, kwa hiyo ile asilimia 80 haikuwa kauli moja. Ataangalia na nje ya mipaka, kwa kuwa Ukuta wa Berlin ulikuwa umeanguka 1989, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa ameshafungua mjadala wa vyama vingi mwaka 1990. Mwisho atafika kwenye swali gumu kuliko yote: haki ya mtu kujiunga na chama akipendacho, je, ni jambo ambalo wengi wanaweza kuwanyima wachache kwa kuwazidi idadi? Swali hilo lilimshughulisha sana mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill katika karne ya 19, na halijapoa.

Katika takwimu moja tu mwanafunzi amepita kwenye mbinu za utafiti, historia, uhusiano wa kimataifa na falsafa ya siasa. Hayo ndiyo mafungu makubwa ya kozi, pamoja na utawala wa umma, ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeuunganisha na siasa katika shahada inayojulikana pale Mlimani kwa jina la PSPA. Wengi huliogopa somo la mbinu za utafiti kwa sababu ya hesabu zake, ilhali mimi naona ndilo lenye manufaa kuliko yote. Humo mtu hujifunza kwamba maoni ya watu 1,200 waliochaguliwa kwa nasibu kitaifa yanaweza kukaribia maoni ya nchi nzima kwa tofauti ya takriban asilimia 3, juu au chini, wakati jumbe 50,000 za simu zilizotumwa kwa hiari kwenye kipindi cha redio haziwezi kutuambia nchi inawaza nini.

Kuna wanaosema shahada hii haina ajira, na hoja yao ina uzito. Haimfikishi mtu kwenye leseni ya kazi kama uuguzi unavyofanya, na nafasi za halmashauri, wizara na mashirika zinagombewa pia na waliosoma sheria, sosholojia na uongozi. Aliyemaliza kwa kukariri madesa atateseka. Ila aliyejifunza kuchambua takwimu, kuusoma muswada wa sheria kifungu kwa kifungu na kuandika ripoti inayoeleweka ana ujuzi unaohitajika katika ofisi nyingi, na kosa la vyuo ni kumruhusu mwanafunzi apate shahada bila ujuzi huo.

Wengine hulalamika kwamba nadharia zote ni za Ulaya. Mlimani penyewe panawajibu. Mwanahistoria Walter Rodney alikuwa akifundisha pale alipochapisha kitabu chake kuhusu Ulaya na kudumaa kwa Afrika mwaka 1972; Issa Shivji akafuata 1976 na uchambuzi wake wa matabaka ya Tanzania; na Goran Hyden, Mswidi aliyefundisha siasa pale, alitoa mwaka 1980 nadharia inayojadiliwa hadi leo aliyoijenga juu ya maisha ya wakulima wetu. Malalamiko yenye haki zaidi ni ya lugha. Mwanafunzi huenda kijijini, akawahoji watu kwa Kiswahili kuhusu mapato na matumizi ya kijiji chao, kisha akaandika kwa Kiingereza utafiti ambao waliohojiwa hawatausoma kamwe. Wahadhiri wanaweza kulibadili hilo bila kusubiri sera mpya: kila tasnifu ya shahada ya kwanza iambatane na muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, na nakala ipelekwe kwenye ofisi ya kijiji au kata ulikofanyika utafiti.