Sahani ya Tabaka si ya ukutani

Ushawahi kukaa sebuleni kwa mtu huku Kisii ukaona sahani ya mawe imetundikwa ukutani, imechorwa twiga, na nyinyi mnapakuliwa kwa plastiki? Mimi pia nilikuwa nayo ya punda milia. Siku moja nikaiteremsha nikapakua ndengu, rangi ikaanza kutoka. Chapo nilikula, lakini roho juu.

Kosa si la jiwe. Jiwe la sabuni la Tabaka, kule Mugirango Kusini, ni laini. Ndiyo maana linachongeka kwa panga na kisu. Likishashika moto halipoi haraka. Hebu fikiria uji wa wimbi ndani yake, asubuhi ya baridi ya Nyamira!

Kwa hivyo ukienda kwa mchongaji, usiitishe pambo. Mwambie unataka bakuli pana, kitako bapa, bila kona za kuficha mabaki. Ukingo uwe mnene kidogo, kwa sababu ule mwembamba ndio huvunjika kwanza. Rangi na polishi, kataa. Nyama ikatie kwingine, kisu kitalichubua. Na uzito? Ni jiwe, bana.

Bei nayo usikate eti halina mchoro. Ule ulaini wa ndani ni kazi ya msasa na maji, na mara nyingi ni akina mama wameketi hapo, mikono imelowa, wakisugua.