Chuo Kikuu na Mwanafunzi wa Wambaa

Twapenda kusema machache juu ya vyombo vipya vya kusomeshea katika vyuo vikuu, na juu ya mtu anayesahauliwa kila vyombo hivyo vinaponunuliwa, naye ni mwalimu.

Tuanze na Wambaa. Kijiji hiki kipo pwani ya magharibi ya Pemba, katika Wilaya ya Mkoani. Kijana wa huko aliyefaulu masomo ya sekondari, akitaka chuo kikuu, njia zake ni chache. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kusomesha 2001, kina tawi lake Pemba, lakini lipo Mchanga Mdogo, upande wa kaskazini. Na makao yake makuu yapo Tunguu, Unguja, yaani hapana budi kuvuka bahari. Kwa mtoto mwanamume, mzazi atauza karafuu zake na kumtafutia jamaa wa kukaa naye. Kwa binti husitasita, na mara nyingi kusitasita huko ndiko kunakokuwa mwisho wa masomo yake, ilhali faradhi ya kutafuta elimu haikuwekwa juu ya wanaume peke yao.

Basi kama mwanafunzi hawezi kwenda chuoni, chuo chaweza kumwendea yeye. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuzinduliwa 1994, khasa kwa ajili ya watu wasioweza kuacha nyumba na kazi zao, nacho kina kituo hapo Pemba. Hapo mwanzo masomo yake yalikwenda kwa vitabu na karatasi zilizopigwa chapa. Leo mengi hupitia mtandaoni, kwa programu iitwayo Moodle, ambayo vyuo vingi vya kwetu huitumia kwa kuwa hailipiwi. Asili ya programu hiyo yapendeza kuijua. Aliyeitunga, Martin Dougiamas, ni mtu wa Australia aliyekulia jangwani, mbali na miji. Utotoni alisomeshwa kwa redio, na baina yake na mwalimu wake ni mamia ya maili. Aliitoa programu yake mwaka 2002, naye alikwisha kuijua hali ya mtoto asiye na skuli karibu.

Kwa Pemba yenyewe, mambo haya yasingaliwezekana kwa raha kabla ya mwaka 2010, ulipolazwa waya wa umeme chini ya bahari kutoka Tanga kwa msaada wa Norway. Kabla ya hapo kisiwa kizima kilitegemea mashine za dizeli.

Lakini waya na kompyuta havisomeshi. Chuo hupata fedha, kikanunua vyombo, kikaalika wageni, picha zikapigwa. Kisha mwalimu huambiwa: haya, somesha kwa mtandao. Hakufundishwa, hakupunguziwa vipindi, wala hana fundi wa kumwuliza pale mambo yanapokwama. Afanye nini? Huchukua karatasi zile zile alizokuwa akiwasomea wanafunzi miaka yote, akazibandika mtandaoni, kurasa sitini kwa mkupuo mmoja. Mwanafunzi wa Wambaa humaliza bando lake kwa kuziteremsha, akazisoma peke yake usiku, na palipomtatiza hapana wa kumfahamisha. Hilo ni somo lile lile la zamani, ila limeondolewa mwalimu.

Kutengeneza somo moja zuri la namna hii, lenye maelezo mafupi, sauti ya mwalimu, na maswali yanayomwonyesha mwanafunzi alipokosea, huchukua muda mrefu kuliko kusimama darasani. Na katika vyuo vingi mwalimu hupandishwa daraja kwa utafiti alioandika. Somo zuri halihesabiwi sana. Kwa hivyo anayejitahidi hujitahidi kama mtoa sadaka. Sadaka ni njema, lakini chuo kikuu hakiendeshwi kwa sadaka ya watu watatu wanne. Wakati wa maradhi ya korona jambo hili lilidhihirika: vyuo vya Tanzania vilifungwa Machi 2020, vikafunguliwa Juni 1, na katika muda ule wanafunzi wengi walikaa tu wakingoja, ingawa programu za kusomeshea zilikuwapo.

Si kwamba hapajafanywa kitu. Katika miaka ya 2010, Chuo cha Taifa cha Zanzibar kilishirikiana na vyuo vya Denmark, kwa fedha za serikali ya nchi ile, na walimu wakafundishwa kusomesha kwa mtandao na kuwapa wanafunzi matatizo ya kweli wayatatue wenyewe. Hiyo ndiyo njia, kwani fedha zilimfikia mwalimu. Linalobaki ni kuifanya iwe dasturi ya chuo, isimalizike mfadhili anapoondoka.

Wapo wazee wanaouliza: je, elimu itapatikana kwa simu, pasi na kukaa mbele ya mwalimu? Swali hili si la kuchekwa. Wazee wetu hawakuogopa vyombo. Seyyid Barghash, aliyetawala 1870 hata 1888, alileta Unguja mtambo wa kupiga chapa, vikatoka vitabu vya dini. Na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alitoa magazeti yake, Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah 1932. Hata hivyo kitabu kilichopigwa chapa hakikuondoa ijaza. Mwanafunzi aliendelea kukisoma mbele ya shekhe wake, akasahihishwa herufi kwa herufi. Twaona hivyo ndivyo inavyopasa na mtandao pia: mwanafunzi apate siku za kuonana na mwalimu uso kwa uso katika kituo cha Pemba, na baina ya siku hizo, swali lake lipate jawabu kabla ya wiki kwisha.

Nyumbani nako kuna kazi. Katika nyumba nyingi simu nzuri ni ya kaka, na dada huiazima akiisha kuosha vyombo. Mzazi akichelea fitina ya simu, ana haki ya kuchelea. Lakini fitina hiyo haimchagui binti peke yake, na kumnyima chombo cha masomo huku kaka yake akikesha nacho si kumhifadhi. Apewe simu na saa mbili za utulivu. Na mwalimu aliyeko Tunguu naye ajue kwamba msimu wa karafuu ukifika, mwanafunzi wake wa Wambaa yumo shambani tangu alfajiri na jioni yumo kwenye kuchambua; basi kazi ya kuandika aitoe mapema, na sauti ya somo iwe nyepesi, ya dakika kumi, iteremke hata kwa bando dogo.