Jeraha la Vita na Mchezo wa Vitofali

Barua za wasomaji mintarafu ya askari waliorudi kutoka vitani hazikatiki, na nyingi zauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: kijana wetu alikuwa Somalia au Kongo, amerudi salama wa mwili, lakini usiku halali, mlango ukibamizwa huruka alipoketi, na sasa saa zake zote za faragha zimo katika gemu, je, gemu ndizo zilizomharibu, au ndizo zinazomshikilia?

Kabla ya kulijibu hilo, sina budi kwanza kufagia dhana mbili ambazo kila nikidhani zimekufa huzisikia tena. Ya kwanza ni kwamba kiwewe ni roho za waliouawa zinazomwandama muuaji. Nayo si kweli, kwani maradhi haya huwapata pia wauguzi, madereva na hata mpishi wa kambi ambaye hajawahi kufyatua risasi. Ya pili, ambayo madhara yake ni makubwa zaidi kwa kuwa humziba mgonjwa kinywa, ni kwamba askari aliyefunzwa barabara hapatwi, na anayepatwa ni mwoga. Katikati ya dhana hizo mbili wamejijengea duka wale walaghai wanaotundika matangazo njiani wakiahidi kumtoa mtu mashetani ya vita kwa siku saba. Hao huchukua akiba ya mwanamke aliyekwisha kukonda kwa mashaka, humfukiza mumewe, humkataza dawa za hospitali, kisha wakahama mtaa, na sioni sababu ya kuwatafutia jina la heshima kuliko wezi.

Kinachomtesa mgonjwa, aghalabu, ni picha zinazomjia bila kuitwa: uso wa mwenzake, moto garini, rangi ya vumbi la dakika ile. Mwaka 2009 Emily Holmes na wenzake wa Oxford walichapisha jaribio ambalo tangu nilisome sijaweza kuliacha. Waliwaonyesha watu 40 filamu yenye ajali na majeraha ya kutisha, wakawaacha kwa nusu saa, kisha nusu yao wakapewa Tetris, ule mchezo wa vitofali vinavyoshuka na kupangwa, uliobuniwa Moscow na Alexey Pajitnov mwaka 1984, wakaucheza kwa dakika 10, na waliosalia wakaketi kimya. Katika wiki iliyofuata, wale waliocheza walijiwa na picha za filamu mara chache zaidi. Na ajabu ni kwamba walipoulizwa habari za filamu ile waliikumbuka sawasawa na wenzao, hata ikawa dhahiri kwamba mchezo haukuifuta kumbukumbu, bali uliitoa makali.

Sababu yake ndiyo inayonivutia zaidi. Kumbukumbu mpya ni kama chungu kibichi kabla ya kutiwa motoni, yaani kwa saa chache bado yakubali kubonyezwa. Na sehemu ya akili inayozishika picha kwa muda, ile ile tunayoitumia kulizungusha umbo bila kuligusa, ina nafasi finyu, haiwezi kubeba mizigo miwili mizima kwa wakati mmoja. Mwenye kukigeuza kitofali akitafuta pengo la kukitia ameikalia nafasi ambayo picha ya damu ingeitumia kujikita, na kwa hivyo picha hujikita kwa unyonge. Ndiyo maana si kila mchezo ufaao: watafiti hao walipowapa watu mchezo wa maswali na majibu ya maneno, nafuu haikupatikana, na katika jaribio moja picha ziliongezeka. Fauka ya hayo, mwaka 2015 ilionekana kwamba hata kumbukumbu ya jana yaweza kulainishwa upya, kwa sharti kwamba mtu akumbushwe kwanza ndipo acheze. Kuikumbuka peke yake hakukufaa, na kucheza peke yake hakukufaa.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017 jambo hili lilitoka maabara likaingia katika chumba cha dharura cha hospitali moja ya Oxford. Majeruhi 71 wa ajali za barabarani walishiriki, ndani ya saa sita tangu ajali, na kundi moja kati yao liliombwa kukumbuka kwa ufupi nyakati zilizokuwa mbaya kuliko zote, likapewa mashine ndogo ya mkononi na kucheza vitofali kwa dakika 20 hivi. Wiki hiyo ya kwanza picha zao za ghafla zilikuwa pungufu kwa asilimia 62 kuliko za wenzao.

Na askari je? Katika hospitali ya jeshi la Ujerumani iliyoko Berlin, wanaume 40 wenye kiwewe cha vita walipewa tiba ambayo ndani yake tabibu humtaka mgonjwa alikumbuke tukio huku macho yake yakiufuata mkono unaokwenda kulia na kushoto. Nusu yao waliongezewa saa moja ya Tetris kila siku. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalionyesha kwamba hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika sana na kumbukumbu, iliongezeka ujazo kwa waliocheza, na kadiri ilivyoongezeka ndivyo nafuu yao ilivyodumu miezi sita baadaye. Wagonjwa 40 ni wachache, na mchezo ulifuatana na tabibu, haukuchukua nafasi yake.

Lakini jeraha hili halikai katika picha tu. Upweke nao hulitonesha, na hapo faida ya gemu ni nyingine kabisa. Stephen Machuga, aliyekuwa kapteni katika jeshi la Marekani na kutumika Irak, aliasisi mwaka 2015 shirika liitwalo Stack Up, linalopeleka makasha ya gemu kwa wanajeshi walio kambini ng'ambo na kuweka watu waliofunzwa kumsikiliza mtandaoni askari aliyezidiwa. Fedha zake nyingi hutokana na harambee za aina mpya: mchezaji hurusha mchezo wake mubashara, watazamaji huongea naye na wao kwa wao, na kila mmoja hutoa alichojaliwa. Kwa askari mstaafu anayeurusha mchezo mwenyewe, naamini kuchangisha kwa ajili ya wenzake walioko mbali humrudishia kile alichokivua pamoja na sare, yaani kuhitajiwa. Askari wastaafu 20 waliohojiwa katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2018 walitaja faraja, maana na urafiki, ingawa wapo walioonya kwamba kiasi kikizidi, mchezo humla mchezaji. Na Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu katika orodha ya maradhi inayotumika tangu 2022.

Basi kwa walioandika: msimnyang'anye gemu, bali mtazame kama analala, anakula, na anacheza na watu au anajificha mbali nao. Dalili zikipita mwezi mmoja, mpelekeni kwa daktari wa akili, wala msimwachishe dawa kwa sababu vitofali vimemtuliza. Na akitaja kujidhuru, asiachwe peke yake hata kidogo, silaha na dawa ziondolewe karibu naye, na afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.