SOKO LA WIKI: Taulo ya maikrofaiba haifi kwa kazi, hufa kwa sabuni na moto

Na Mwandishi Wetu, Tabora

Taulo za maikrofaiba zimekwisha kuwa bidhaa ya kawaida. Zinatumika katika vituo vya kuosha magari, saluni, nyumba za wageni, na kwa vijana wa bodaboda wanaopenda kuona pikipiki inang'aa. Hata hivyo, malalamiko ya wateja ni yale yale: taulo ilinunuliwa ikiwa laini kama kifaranga, na baada ya kufuliwa mara chache imekakamaa, inaacha michirizi kwenye rangi ya gari na haitaki kunyonya maji. Mteja anamlaumu muuzaji wa rejareja, muuzaji anamlaumu wa jumla, na wa jumla anasema mali ya siku hizi ndiyo ilivyo. Mara nyingi wote watatu wanamwonea asiyehusika. Kilichoiharibu taulo ni namna ilivyofuliwa na kuanikwa.

Kwa mfanyabiashara mdogo jambo hili ni la mtaji kabla ya kuwa la usafi. Taulo ni kitendea kazi kama ndoo au mashine ya kunyolea. Ikidumu miezi mitatu badala ya mmoja, fedha iliyobaki ni faida ambayo haikuhitaji mkopo.

Tabora si mgeni katika biashara ya kitambaa. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa, mahali palipojulikana wakati huo kwa jina la Kazeh, na kitambaa ndicho kilichokuwa fedha ya njiani. Shuka moja ilikuwa mikono minne, na shuka mbili zilifanya doti. Merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa kutoka viwanda vya Marekani, kilipendwa bara kwa uimara wake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipoivuruga biashara hiyo, vitambaa vya kwingine viliingia, lakini jina la merikani lilibaki. Mnunuzi wa njia hiyo alijua kwamba kitambaa hupimwa kwa jinsi kinavyodumu, wala si kwa jinsi kinavyoonekana robota linapofunguliwa. Kipimo hicho kinafaa hata leo.

NI KITU GANI HASA?

Taulo ya maikrofaiba kwa kawaida hutengenezwa kwa poliesta na nailoni, mara nyingi kwa uwiano wa asilimia 80 kwa 20 au 70 kwa 30. Ubora wake unatokana na wembamba wa nyuzi. Uzi mmoja wa maikrofaiba wenye urefu wa mita 9,000 una uzito usiofikia gramu moja, na ni mwembamba kuliko hariri. Katika taulo nzuri, kila uzi umepasuliwa kiwandani kuwa vipande vyembamba zaidi vyenye kingo. Kingo hizo ndizo zinazokamata vumbi na mafuta, na nafasi kati ya nyuzi ndizo zinazobeba maji.

Hapo ndipo tofauti na pamba inapojitokeza. Uzi wa pamba wenyewe hunywa maji. Poliesta karibu hainywi kitu. Maji hukaa katikati ya nyuzi tu. Kwa hiyo chochote kinachoziba nafasi hizo, iwe ni mabaki ya sabuni, mafuta, chokaa ya maji au nyuzi za pamba, kinaifanya taulo iache kazi hata kama kwa macho bado ni mpya.

SABUNI NA MAJI

Kosa la kwanza ni dawa ya kulainishia nguo. Wengi huitia wakiamini italeta ulaini. Dawa hiyo hufanya kazi kwa kuupaka uzi utando wenye mafuta. Kwenye shati la pamba utando huo ni raha, lakini kwenye maikrofaiba unaziba nafasi za maji. Taulo inateleza mkononi, lakini ikipita juu ya kioo inasukuma maji badala ya kuyanyonya.

Kosa la pili ni sabuni ya mche katika maji magumu. Maji ya kisima mara nyingi hubeba chokaa na magnesi. Madini hayo yakikutana na sabuni ya mche huzaa ukoko mweupe usioyeyuka, ule unaoonekana pembeni mwa beseni. Ukoko huo ukiingia kwenye taulo ndio huo mkakamao. Kupima ni rahisi: weka maji yako nusu chupa safi, tia kipande kidogo cha sabuni ya mche, tikisa. Povu likiwa jingi na maji yakabaki masafi, maji ni laini. Povu likiwa haba na maji yakawa kama ya mchele, maji ni magumu.

Mwenye maji magumu anashauriwa kutumia sabuni ya unga au ya maji, ambazo hazigandi kirahisi namna hiyo. Maji ya mvua ni laini, na kwa kuwa mvua za Tabora hunyesha zaidi kati ya Novemba na Aprili, mwenye pipa na mfereji wa bati anaweza kuyakinga kwa ajili ya kusuuzia. Maji ya Ziwa Victoria, ambayo sasa yanafika Tabora mjini kwa bomba, nayo ni laini kuliko ya visima vingi.

Sabuni ya unga iyeyushwe kwanza ndipo taulo ziingie. Kijiko kimoja cha mezani kwa ndoo ya lita 10 kinatosha kwa taulo zisizo na mafuta mengi. Sabuni ikizidi haiongezi usafi, inaongeza kazi ya kusuuza. Suuza mpaka maji yatoke bila povu.

Maji yawe ya baridi au ya uvuguvugu ambao mkono unastahimili. Kuzichemsha taulo kwenye sufuria, kama wafanyavyo wengi kwa nguo nyeupe za pamba, ni kuziua: joto kali hupindisha na kulegeza nyuzi hizi nyembamba, na hali hiyo hairudi. Jiki nayo iachwe, kwa sababu hudhoofisha nailoni na kufifisha rangi.

Aidha, maikrofaiba isifuliwe pamoja na pamba. Kingo zake hukamata nyuzi za pamba kama zinavyokamata vumbi. Vilevile taulo iliyofuta injini au rimu isichanganywe na ya kufutia rangi ya gari. Punje moja ya mchanga iliyonasa humo hukwaruza gari la mteja. Utaratibu mzuri ni rangi tatu: moja ya vioo, moja ya bodi, moja ya magurudumu.

KUANIKA

Kuanzia Mei hadi Oktoba Tabora ni kavu, jua ni kali na upepo una vumbi. Huo pia ni wakati ambao fedha ya tumbaku huingia Urambo, Kaliua na Sikonge, na kazi ya kuosha magari huongezeka. Taulo ya maikrofaiba hukauka upesi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuitandaza juani kutwa nzima.

Ianike kwenye kamba, kivulini, mahali penye upepo lakini mbali na barabara ya vumbi. Kabla ya kuitundika ikung'ute mara tatu au nne, na inapokuwa nusu kavu ikung'ute tena. Taulo inayokauka imetulia huacha nyuzi zake zishikane, mkung'uto huziachanisha. Kivuli cha mwembe, mti ambao umeonyesha njia ya misafara tangu enzi hizo, ni kizuri, lakini si wakati unapochanua na kudondosha maua na utomvu.

Isitandazwe juu ya bati, kwani bati la saa saba mchana lina moto, wala juu ya michongoma na majani, kwa kuwa hunasa kila kibanzi. Isipigwe pasi. Isikaushwe juu ya jiko la mkaa, maana joto huiumiza na moshi hukaa ndani yake. Mwenye mashine ya kukaushia aiweke kwenye joto la chini kabisa. Wakati wa masika, taulo mbichi isilale ndani ya ndoo. Itundikwe ndani ya nyumba penye hewa, la sivyo itaota ukungu na kunuka.

TAULO ILIYOKWISHA KUKAKAMAA

Kabla ya kuitupa, dondoshea tone la maji juu yake. Tone likizama mara moja, taulo ni nzima. Likibaki juu kama shanga, imezibwa. Iloweke kwa nusu saa katika lita 5 za maji ya uvuguvugu yenye nusu kikombe cha siki nyeupe, kisha ifue kwa sabuni kidogo na kuisuuza sana. Siki huyeyusha chokaa na huondoa mabaki ya sabuni. Tahadhari: siki na jiki visikutane kamwe kwenye ndoo moja, kwa sababu hutoa hewa ya sumu. Kama taulo iliungua kwa joto, dawa hii haitasaidia. Ishushwe cheo iwe ya magurudumu.

HESABU YA MTAJI

Tuchukue mfano wa hesabu tu, na msomaji aweke bei yake mwenyewe. Kituo kina taulo 10 za Sh. 5,000 kila moja, na kila moja inafuliwa mara moja kwa siku. Zikifa baada ya kufuliwa mara 30, kila ufuaji umekula Sh. 167 kwa taulo, yaani karibu Sh. 1,670 kwa siku kwa taulo zote. Zikifikia mara 150, gharama inashuka hadi Sh. 33 kwa taulo, au Sh. 330 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 26 za kazi, tofauti inakaribia Sh. 35,000. Siki, kamba na pipa la mvua havifikii hapo kila mwezi.

KWA ANAYENUNUA JUMLA

Usinunue robota kwa kushika tu. Soma kitambulisho cha uwiano wa poliesta na nailoni, kisha pima uzito. Taulo ya sentimita 40 kwa 40 yenye gramu 48 ni sawa na gramu 300 kwa mita ya mraba. Yenye gramu 64 ni sawa na gramu 400. Nyepesi inafaa vioo, nzito inafaa kukaushia bodi. Chukua sampuli mbili, zifue mara tatu kwa maji ya kwako, zianike, halafu zipime kwa tone la maji. Tazama pia kama rangi inatoka.

Mwisho, muuzaji wa rejareja ambaye anamweleza mteja mambo manne, yaani hakuna dawa ya kulainishia, hakuna maji ya moto, hakuna pamba kwenye beseni, na kuanika kivulini, anapunguza taulo zinazorudishwa dukani. Karatasi moja ndogo yenye maneno hayo, ikiambatana na kila taulo, haigharimu kitu kikubwa. Mteja ambaye taulo yake imebaki laini baada ya masika mazima atarudi kununua nyingine akiwa na fedha mkononi na si lalamiko.